Vifungo vya Shaba Havishonwi kwa Uzi

Nawaandikia kina mama wenye watoto wanaoishi kwa kazi ya mikono. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu, na sehemu yake nimeifanya kwa mdomo wangu. Kwa hiyo nitalisema lote, hata pale linaponiaibisha.

Binti yangu ni fundi cherehani. Ana miaka thelathini na mmoja, si mtoto wa kushikwa mkono. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu: vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kioo kirefu ambacho humfanya kila mteja aonekane mwembamba, ndiyo maana hakibadilishi. Mimi niko uani na beseni zangu na pasi. Niliolewa kwenye ukoo wa madobi. Babu yake marehemu mume wangu alifulia kambi ya Wazungu wakati wa vita vyao vya kwanza, na babamkwe alikulia kwenye povu hilohilo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na kila nguo aliyonifundisha kuifua aliitolea maneno. Nilikuwa mwali mgeni, sina pa kukimbilia, nikasikiliza. Ndivyo nilivyojua mambo ya makoti ya jeshi kuliko mambo ya ndugu zangu mwenyewe.

Siku moja asubuhi akaingia mwanaume wa makamo, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni, begi la ngozi kwapani. Mtaani walikuwa wameshampa jina, Mstaarabu, kwa sababu alikuwa akisalimia hadi watoto kwa kuinama. Akasema ameambiwa kuna fundi hapa ambaye mkono wake hauna mfano. Binti yangu akafuta kiti kwa pindo la gauni lake. Nikaona moja kwa moja: binti ameshanasa.

Ndani ya begi mlikuwa na koti, limezungushiwa gazeti. Koti la afisa wa Kizungu wa zamani, kaki iliyofifia hadi ikawa rangi ya mchanga, mifuko minne yenye vifuniko. Akaligeuza ndani nje. Mgongoni, kutoka kwenye kola hadi kiunoni, palikuwa na kitambaa chekundu kizito, kimejazwa pamba kama mto.

"Na hiki?" binti yangu akauliza. "Kitanda cha mtoto?"

Mstaarabu akacheka kidogo, kwa adabu. Akaeleza kwamba Wazungu wa enzi hizo waliamini jua la nchi zetu si jua la kawaida. Linapenya koti, linafika kwenye uti wa mgongo, linaupika, mtu anarukwa na akili. Kwa hiyo wakavaa mto mgongoni, wakajifunga sufi tumboni, wakaweka chepeo nene kichwani, ndipo wakatoka nje.

"Yaani wanaogopa joto, halafu wanavaa godoro?"

"Ndiyo hivyo, fundi. Ilikuwa ni sayansi yao."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa mlangoni na kapu la nguo, sikucheka. Nilikuwa naangalia mikono yake. Msafi mno yule mtu, hata kucha. Kitu cha zamani kama kile kina vumbi. Yeye vumbi halikumshika.

Alichotaka ni makoti sita ya askari, wale askari weusi waliotumikia jeshi la mkoloni. Kitambaa ataleta mwenyewe. Alisema ni kwa ajili ya maonyesho ya historia, watoto wa shule waone babu zao walivyovaa. Jambo jema, nani atalipinga? Na alikuwa analipa kazi ikiisha, bila kuombwa. Lakini mimi nikaanza kuhesabu vituko vyake.

Cha kwanza, kila jioni alipita kuchukua michoro ya karatasi na vipande vilivyobaki, hata vile vya kujazia kimto cha kuchomekea sindano. Cha pili, alileta mashuka makuukuu ya mtumba, akamwomba binti yangu ayafumue apate uzi wa zamani, ashonee huo. Cha tatu ndicho kilichoninyima raha. Koti la kwanza lilipokwisha, nilimkuta Mstaarabu uani kwangu, kwenye kamba yangu, ana bakuli la chai ya rangi iliyopoa na sponji. Analipaka koti chai. Polepole, kama mtu anayempaka mgonjwa dawa.

"Baba," nikamwambia, "hao watoto wa shule wataonja?"

"Samahani, mama. Ni ili lifanane na la zamani."

"Kwani mpya halifundishi?"

Akasema samahani tena. Jirani yangu, Mama Vifungo, anayeuza vifungo na zipu kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, alikuwa ameegemea ukuta anatazama. Alipoondoka yule bwana, akaniambia, "Shoga, mwanaume anayesema samahani mara tatu kabla hajakaa, ujue kuna kitu anakikalia."

"Sasa nifanye nini? Binti ni mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye anayefungwa. Mtoto wanamwachia."

Maneno hayo sikuyapenda, lakini nilikwenda nayo ndani.

Nilijaribu kumsemesha binti yangu. Nilichagua wakati anakula, mdomo umejaa. Nikamwambia, mama'angu, mtu huyu simwelewi. Akameza, akasema, "Mama, wewe unamwelewa nani? Muuza maji humwelewi. Mchungaji wa mbuzi humwelewi. Yule kaka aliyetaka kunioa ulisema ana masikio ya kichokozi."

"Na yako wapi leo masikio yale?"

"Yameoa kwingine, mama. Kwa amani kabisa."

Hapo alinipata. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila utani, "Miaka kumi napunguza suruali na kutia zipu. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kazi yangu ni kazi." Mzazi mwenzangu, hilo ndilo tundu aliloingilia Mstaarabu. Njaa hakuwa nayo binti yangu. Alikuwa na kiu ya kusifiwa, na mimi nyumbani sikuwahi kumnywesha. Kwetu kazi nzuri haisifiwi. Kazi mbaya ndiyo inayotajwa.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo, maana tabia hiyohiyo ya kutaja kazi mbaya ndiyo iliyoniponza.

Siku hiyo nilikuwa napita chumba cha mbele na aproni za hoteli nilizozipiga pasi. Mstaarabu ameketi, koti la kwanza limevalishwa sanamu ya mbao, limepakwa chai, limesuguliwa viwiko kwa jiwe, na vifungo vya shaba vinang'aa mbele, vimeshonwa imara kwa uzi. Ndani ya mgongo, binti yangu ametia ule mto mwekundu, kwa uzuri wa kupendeza, kama alivyouona kwenye koti la afisa. Nikasimama. Nikajua palepale: huu ni uongo wenye miguu. Na nikataka ajue kuwa nimejua. Nilitaka nimwaibishe mbele ya mwanangu, imwishie hamu, aondoke.

Nikacheka kwa nguvu. "Hilo koti ni la askari gani? Wa harusini?"

"Mama!" binti yangu akaniambia.

"Niache. Baba, askari mweusi alipewa lini mto wa mgongoni? Wazungu walisema sisi jua ni ndugu yetu. Mto ulikuwa wa afisa peke yake. Babamkwe alikuwa anaitoa mito ile na kuifua mbali, maji ya baridi, kwa sababu wekundu wake ukitoka unaharibu kaki ya kambi nzima."

Mstaarabu akainua macho. "Kumbe?"

Ningekoma hapo. Lakini nilishapanda, na kushuka sikujui. "Na vifungo! Vifungo vya shaba havishonwi kwa uzi. Nguo ya kaki ilichemshwa kila wiki na magadi. Ukiacha shaba ndani, kutu ya kijani inashika kitambaa. Kwa hiyo koti lilitobolewa matundu, kifungo kinapita, nyuma kinazuiwa na kipete, kijiduara cha waya. Dobi anatoa vyote, anavitunga kwenye kamba, anafua, anavirudisha. Hili lako lingefika kwa babamkwe angekurushia usoni."

"Na viwiko, mama?" akauliza kwa upole. "Vimechakaa vizuri?"

"Viwiko gani! Koti lililotiwa wanga na pasi haliishi viwikoni. Linakatika kwenye mkunjo. Kola, pindo la mkono, kifuniko cha mfuko. Pale pasi inapokanyaga ndipo linapofia."

Nikavimba kifua, nikisubiri aaibike. Mstaarabu alikuwa ametoa kijitabu. Alikuwa ameandika kila neno. Akakifunga, akasimama, akaniinamia kuliko siku zote.

"Mama, wewe ni hazina," akasema.

Nilidhani namvua nguo mbele ya watu. Kumbe nilikuwa namvalisha.

Wiki iliyofuata alirudi na mfuko wa vipete. Mto mwekundu ukafumuliwa. Makoti yakatobolewa matundu ya vifungo, na matundu yakashonewa ukingo kwa mkono. Kola ikakwanguliwa kwa wembe kwenye mkunjo, palepale nilipopasema. Koti la pili na la tatu yalipotundikwa, mimi mwenyewe, niliyejua uzi umetoka shuka gani, nilisimama nikaona kama babamkwe ameyaanika asubuhi hiyo. Makoti mawili yakatangulia kuondoka, kwenye boksi lililofungwa vizuri, yanakwenda ng'ambo. Nikamuuliza binti yangu, watoto wa shule wanasoma ng'ambo siku hizi? Akasema maonyesho yamebadilika.

Halafu nikaiona karatasi. Sikuipekua, ilikuwa kwenye meza ya kukatia, mkasi juu yake. Ilikuwa imepigwa chapa, na chini pana nafasi ya sahihi yenye jina la binti yangu, majina yote matatu, na namba yake ya kitambulisho. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Ilisema: mimi, kitukuu wa dobi wa kambi, nathibitisha kwamba koti hili lilikabidhiwa kwa babu yetu mkuu na askari ambaye hakurudi kulichukua, na limekaa kwenye sanduku la ukoo wetu tangu wakati wa vita. Ikasema mto wa mgongoni walipewa maafisa tu. Ikasema vifungo vilitolewa kila wiki, vikatungwa kwenye kamba. Ikasema pale pasi inapokanyaga ndipo koti linapofia. Maneno yangu! Hata hayakubadilishwa nguo.

Nikamwita. "Sanduku gani la ukoo? Sanduku letu lilikuwa na shuka mbili na panya mmoja!"

"Mama, ni karatasi tu. Wanunuzi wanapenda hadithi."

"Wanunuzi. Kwa hiyo yanauzwa, tena kama ya kweli?"

Akaangalia pembeni. "Uongo uko wapi hasa? Babu hakuwa dobi? Vifungo havikuwa hivyo? Wewe mwenyewe umesema."

Mwongo mjanja haleti uongo mtupu. Anaazima ukweli wako, anaushonea bitana. Nikamwuliza jambo moja tu. "Jina la yule bwana liko wapi kwenye karatasi hii?"

Akaichukua. Akaisoma juu hadi chini, akaigeuza nyuma. Halikuwepo.

"Keshokutwa atakuja na mpiga picha," akasema. "Anataka wewe upigwe umeshika koti. Ndipo nisaini karatasi za haya manne."

"Na yale mawili yaliyoondoka?"

Cherehani ikalia. Alikuwa ameanza kushona.

Siku ya picha ilipofika, binti yangu alitoka asubuhi kununua uzi. Makoti manne yalikuwa yametundikwa chumba cha mbele. Mstaarabu angefika saa sita. Nilisimama nayo pale kwa muda, nikiyashika mapindo. Kazi nzuri. Ningependa asikie hayo kwangu wakati ule, lakini hakuwepo, na mimi sijui kusema peke yangu.

Nikayashusha yote. Nikawasha moto uani, nikajaza sufuria kubwa, nikatia magadi, maji yakaanza kutokota. Nikatoa vifungo kimoja kimoja, vyote, nikavitunga kwenye kamba, maana kazi ni kazi. Kisha nikayatumbukiza makoti na kuyakandamiza kwa mti.

Chai ikatoka. Maji yakawa kahawia kama mto wa mafuriko. Lakini si chai niliyoitegemea. Kitambaa kile kilikuwa kipya, hakijawahi kuona maji moto, sponji ya baridi tu. Kaki iliyofuliwa miaka inakuwa imeshapungua, haina pa kwenda. Kaki mpya ukiichemsha inarudi, inafupika. Nilipoyatoa na kuyaanika, mikono ilikuwa imepanda karibu na kiwiko, mishono imejikunja kama midomo ya bibi asiye na meno, na rangi imeng'aa ya dukani. Hakuna mtu angeamini yametoka vita vyovyote.

Mama Vifungo alichungulia juu ya ukuta. "Shoga! Umefua au umepika?"

"Nimefua."

"Mungu wangu. Yanamtosha nani sasa?"

Mstaarabu alifika na mpiga picha wake. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Akayaona kwenye kamba. Akasogea, akashika mkono wa koti moja, akaupima kwa vidole vyake visafi. Nilitegemea matusi. Nilikuwa na majibu tayari.

"Mama, umefanya nini?" akauliza kwa sauti ileile.

"Nguo ikiingia kwa dobi, inafuliwa."

Akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali hoja. Akamwambia mpiga picha arudi. Akaingia ndani, akachukua koti la afisa, michoro na zile karatasi, akavipanga begini bila haraka. Mlangoni akakutana na binti yangu anayerudi na uzi wake. Akamwambia, "Samahani, fundi. Mama yako ana mikono mizuri sana." Akashuka barazani, akaenda zake. Hakugeuka. Mtu aliyepata hasara hupiga kelele. Mtu aliyeshapata alichotaka ndiye anayeondoka hivyo. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Binti yangu alitoka uani, akaona kamba. Hakupiga kelele naye. Akakaa chini, palepale kwenye maji ya chai.

"Umechelewa, mama," akasema. "Karatasi za yale mawili nilishazisaini kabla wewe hujaiona hii. Jina langu limekwenda nayo."

Nilimwinua kwa makwapa kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia, vaa viatu. Tunakwenda kusema wenyewe kabla hatujatafutwa. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu simu ya Mstaarabu haikupatikana, na alipomaliza kuipiga mara ya ishirini, akavaa viatu.

Kituoni tulipelekwa chumba cha nyuma, kwa mpelelezi mmoja mnene, mpole, anayefuta miwani kila baada ya sentensi. Tulikuwa na koti moja kati ya niliyoyachemsha, na ile kamba ya vifungo na vipete vyake, kama ushahidi. Binti yangu akaeleza yote: kitambaa, uzi wa mashuka, chai, karatasi. Mpelelezi akaandika. Kisha akainua kile kipande cha kamba chenye vifungo.

"Hivi vipete," akasema. "Fundi wa umri wako amejuaje hivi? Hivi ndivyo vinavyomfanya mnunuzi aamini. Nani alikuambia?"

Binti yangu akatazama sakafu. "Nilisoma."

"Wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Kitabu gani?"

Nilimwangalia mwanangu, anavyobana midomo ili jina langu lisitoke, yule niliyekuwa nasema hasikii la mtu.

"Hakusoma popote, bwana," nikasema. "Ni mimi. Nilisema yote, na hakuna aliyenilazimisha."

"Mama, nyamaza!"

"Nilinyamaza lini mimi? Andika, baba. Vifungo ni mimi. Kola ni mimi. Mto wa mgongoni ni mimi."

Mpelelezi akafuta miwani. Akatoa karatasi ya pili, akaanza upya, akaniuliza majina yangu yote.

Hatujafungwa. Hatujaachiwa pia. Kila Jumatatu asubuhi tunakwenda kuripoti, tunakaa kwenye benchi la ukumbini na watu wengine, tunasubiri kuitwa. Yale makoti mawili hayajajulikana yako kwa nani, na huyo aliye nayo akigundua, jina atakaloliona ni la binti yangu. Kwa hiyo, mama mwenzangu, shaka ukiwa nayo, uwe nayo na mdomo uliofungwa. Usimsahihishe mwizi. Muulize jina, tena mbele ya jirani. Na mtoto wako akifanya kazi nzuri, mwambie leo, kabla hajaja wa kumwambia.

Jumatatu iliyopita, tukiwa kwenye benchi, binti yangu akaniinamia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu tangu siku ile. "Mama, na zile tepe za kitambaa askari walizozungusha miguuni, ndefu vile, zilikuwa zinafuliwaje zisijisokote?"

Jibu lilinijia mdomoni lote, na mfano wake. Lakini kulia kwetu aliketi bwana mmoja, shati safi, ana kalamu mkononi na gazeti lililokunjwa, na sikumwona akiligeuza ukurasa.

"Tukifika nyumbani," nikamwambia. "Mlango ukishafungwa."